Samaki uliyemuua usimwache ukingoni: uzi kwa wavuvi wa ndoano wa Nairobi

Mvuvi_SouthB (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Nimekaa na jambo hili siku nne na bado linanikereketa, acha niliweke hapa.

Jumamosi iliyopita tulitoka South B saa kumi na nusu alfajiri, watu watano, gari moja, tukashukia Mai Mahiu kuelekea Naivasha. Tuna mahali petu pa siku zote, ukingo ulio ndani ya hifadhi, ambapo unavua huku kuro wakinywa maji hatua mia moja kutoka ulipo na viboko wakikoroma kwenye mafunjo. Siku hiyo, kabla hata hatujayaona maji, tulipokewa na vumba. Chini ya mgunga mkubwa, pale tunapoweka vyombo, kulikuwa na rundo la samaki. Nikawahesabu: kumi na mmoja. Wote kapi, yule samaki mnene wa magamba makubwa mwenye visharubu mdomoni. Mkubwa wao hakupungua kilo nne. Hakuna aliyeparwa, hakuna aliyepasuliwa. Walitolewa majini, wakatupwa pale, jua likawamaliza. Nzi walikuwa wengi hata rundo lenyewe likaonekana linatikisika. Kando yake matumbo ya tilapia, mfuko wa plastiki, na mshipi uliojifunga mafundo.

Kilichoniuma zaidi ni marabu, wale korongo wakubwa wenye upara tunaowaona kila siku juu ya miti ya barabara ya Mombasa. Alisimama pembeni ya rundo, mshipi unamning'inia mdomoni, urefu wa mkono mzima. Alikuwa amemeza kitu chenye ndoano. Tulijaribu kumsogelea, akaruka kwa taabu, akatua mbele kidogo. Tulimwarifu askari wa langoni. Tulipoondoka saa kumi jioni ndege alikuwa palepale, kichwa amekiinamisha.

Nasema bila kuzunguka: waliofanya vile ni watu kama sisi. Mvuvi wa nyavu hamtupi kapi, kapi ndiye ada ya shule ya watoto wake. Anayemtupa ni mtu aliyetoka mjini na fimbo ya bei, anataka tilapia au blakibasi, na akinasa kapi anaona mkosi. Wengine wana hoja kabisa: kapi si wa ziwa hili, anafukua matope na kung'oa majani ya chini, kwa hiyo kumuua ni kulisaidia ziwa.

Ni kweli kapi ni mgeni. Alianza kuonekana Naivasha mwaka 2001, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo yeye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya samaki waliotolewa pale. Lakini tilapia unayemtafuta naye ni mgeni. Blakibasi aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Yule kamba mwekundu wa maji baridi aliletwa mwaka 1970. Mwenyeji wa kweli alikuwa samaki mdogo tu, naye alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Kwa hiyo hoja ya ugeni haimpi mtu ruhusa ya kuacha kilo thelathini za nyama zioze chini ya mti. Ukitaka kapi wapungue, watoe wakaliwe.

Nami sikuanza msafi. Mpaka mwaka 2016 nilikuwa nikipara samaki palepale ukingoni na kuwarushia ndege matumbo, nikiona ninatoa sadaka. Siku moja mzee mmoja wa Kamere, pale ufukweni wanapotia nanga wavuvi wa Naivasha, aliniona, akaniomba kisu, akapasua utumbo mmoja kati ya niliokuwa nataka kuutupa. Ndani kulikuwa na ndoano, na kipande cha mshipi kimeviringika. Samaki yule alikuwa amemkatia mshipi mtu mwingine siku za nyuma. Mzee hakuniambia neno. Alinirudishia kisu, akaendelea na safari yake. Tangu siku hiyo sijarusha utumbo.

Ndoano ni dhara moja tu. Lingine nililielewa baadaye, nalo ndilo ninalotaka mlijue, kwa sababu halionekani. Kwenye matope ya maziwa kuna bakteria wanaoitwa klostridia. Wakiwa matopeni hawana makuu. Wakipata mzoga unaooza kwenye joto, ndani ambako hewa haifiki, wanazaana na kutengeneza sumu kali inayolegeza misuli. Mabuu wa nzi wanakula mzoga ule na sumu haiwadhuru, wanaikusanya tu mwilini. Bata anakuja, anawadonoa mabuu. Shingo inalegea, hawezi kuinua kichwa juu ya maji, anazama. Mzoga wake nao unazaa mabuu wengine, na bata wengine wanakuja. Rundo moja chini ya mti linaweza kuanzisha mnyororo ambao hakuna anayejua wapi utakatikia.

Halafu kuna wanyama wanaojifunza. Mahali panapotupwa matumbo kila wikendi, fisi atapajua, nyani atapajua. Kule Masinga, bwawa la Mto Tana lililomalizika mwaka 1981, kuna mamba, na ukipara samaki kila mara kwenye kijia kilekile unamfundisha mamba kusubiri pale. Jumatatu wewe uko ofisini mjini. Anayeshuka kijia kile na mtungi ni mama wa kijijini.

Naomba maoni yenu, hata ya kunipinga.

Mwana_wa_Shela

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Lamu, naishi Eastleigh mwaka wa tisa sasa. Nimeusoma uzi mpaka mwisho na huruma yako kwa yule ndege naiona. Lakini kwetu samaki hupasuliwa chomboni, matumbo hurudi majini, nasi tumefanya hivyo tangu enzi za mababu. Vidagaa hula, kaa hula, na kesho maji ni safi. Kilichotoka majini kinarudi majini. Mbona bara limekuwa kosa?

Mvuvi_SouthB

Waaleikum salaam kaka. Swali lako ni zuri, na sidhani wazee wa Lamu walikosea. Bahari ina kupwa na kujaa. Unachotupa chomboni, mbali na ufuo, mkondo unakibeba na kukitawanya kabla hakijaoza, na walaji ni wengi. Ziwa Naivasha halina mto hata mmoja unaotoka juu ya ardhi. Maji yanaingia kwa mito Malewa na Gilgil, na yanayotoka hupenya chini kwa chini. Ukitupa kitu ukingoni, kwenye maji ya magotini yaliyojaa majani, kinakaa hapo. Kikioza kinakula hewa iliyomo majini, na vifaranga wa samaki hukaa palepale kwenye maji ya kina kifupi. Bwawa dogo ndiyo kabisa, ni kama beseni. Na mababu, ndugu yangu, hawakuwa na mshipi wa nailoni. Wataalamu wa bahari wa Marekani wanakadiria mshipi wa namna hiyo huchukua miaka 600 kuisha. Mshipi wa katani ulioachwa na babu ulioza yeye bado yuko hai.

Mwana_wa_Shela

Hapo kwenye nailoni umenishika. Nakubali.

Boti_Kamere

Mwenye uzi nakuheshimu, na huyo mzee uliyemtaja nadhani namjua. Ila ningependa usituweke wote kundi moja. Mimi naendesha boti za watalii. Sisi tunawapa furukombe, wale tai wala samaki, samaki wao, kila mtu anajua. Unachukua samaki mdogo, unampenyeza kipande cha funjo mdomoni ili aelee, unapiga mluzi, unamrusha. Tai anashuka kutoka mtini, kamera zinalia, mgeni anafurahi, nami jioni napeleka unga nyumbani. Samaki ni mbichi, wa asubuhi hiyo, na tai hamwachi hata dakika mbili. Haozi. Nikisoma uzi huu naona kama mnataka kusema sisi pia tunaharibu.

Mvuvi_SouthB

Kaka, sikukutaja na sikukusudia. Samaki mmoja mbichi anayechukuliwa na tai papo hapo hafanani na kapi kumi na mmoja waliooza, na sitasema vinafanana. Ila kwa kuwa umefungua mlango, nitasema lililo moyoni. Tai aliyezoea mluzi anazoea boti, na si kila anayekaa kwenye boti ana nia njema. Nimeona watu wetu wa mjini wakiiga mluzi wenu na kurusha samaki aliyekatika mdomo na ndoano bado imo. Naomba mambo mawili kwako na kwa wenzako. Kila samaki unayemrusha mpapase kwanza, mdomo na tumbo. Na mteja akitaka kumlisha tai samaki wake mwenyewe, mkatalie. Ninyi mnasikilizwa pale kuliko sisi.

Boti_Kamere

La kumpapasa nitalifanya, na nitawaambia wengine kwenye boti. La kumkatalia mteja ni gumu, nisikudanganye. Mteja akilipa anaona ziwa ni lake. Lakini nitajaribu kumwonyesha sababu. Kuna minandi wawili, wale ndege weusi wapiga mbizi, niliowakata mshipi miguuni mwaka huu huu, mmoja mguu ulishakuwa mweusi. Nikiwasimulia hilo pengine wataelewa.

MamaSamaki_Gikomba

Wanangu, mimi nimeuza samaki Gikomba miaka ishirini na miwili. Niliposoma kapi kumi na mmoja, wa kilo tatu kilo nne, wametupwa, nilifunga simu kwanza nikapumua. Mnajua hizo ni sahani ngapi?

Najua mnamkimbia kwa sababu ya mifupa. Kapi ana vijifupa vidogo vyenye panda, vimejificha ndani ya mnofu, na ukimpika kama tilapia mtoto atakwamwa. Ndiyo maana hapikwi kama tilapia. Mpare, mpasue, kisha mchanje ubavuni kwa kisu kikali sana, michirizi iliyokaribiana, iwe kama upana wa punje ya mchele kati ya mmoja na mwingine, kisu kifike mpaka karibu na uti. Ukiusikia mlio wa vijifupa vikikatika, hapo ndipo. Chumvi, ndimu, tangawizi kidogo, umwache nusu saa. Mafuta yawe mengi na yawe yamechemka haswa. Vile vijifupa vilivyokatika vinakaangika na kuwa kama chipsi, unakula bila kuvisikia. Kichwa usitupe. Kichwa cha kapi kina mafuta, ukikichemsha na nyanya na dania ni mchuzi wa mgonjwa.

Na lile vumba mnalolisema huzidishwa na damu iliyobaki ndani. Mkate mashavu mara tu anapotoka majini, damu itoke yote, umweke kwenye barafu. Akifa polepole juani halafu mkasema ana vumba, kosa si lake.

Kisumu watu wanakula mgongo wazi, mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kwenda kiwandani. Mgongo wazi umelisha na kusomesha watu. Halafu Nairobi hii hii mtu anatupa samaki mzima. Jumamosi mkirudi, hata usiku, leteni. Nitawapara bure, nitachukua vichwa tu.

Mvuvi_SouthB

Mama, shikamoo. Nimeisoma mara tatu na nimemsomea mke wangu. Tutaleta.

Kuku_Ruai

Nimefurahi kuona uzi kama huu. Mimi si mvuvi, nina kuku na sungura kidogo Ruai, na jirani zangu wawili ni wavuvi wa wikendi. Matumbo na magamba yao yote huja kwangu kwenye ndoo, kwa hiyo nizungumzie hapo.

Kwanza, kuku wasipewe utumbo wa samaki mbichi. Zaidi ya ndoano, kapi mbichi ana kitu ndani yake kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa anayemla, na mnyama akilishwa hivyo siku nyingi anadhoofika mishipa ya fahamu. Ukichemsha, kitu hicho kinakufa. Kwa hiyo nachemsha kabisa, nachuja mafuta ya juu, nachanganya na pumba, na nawapa kidogo tu, la sivyo mayai yatanuka samaki na wateja watakukimbia. Kabla ya kuchemsha napitisha sumaku juu ya ndoo. Msicheke, nimeshatoa ndoano saba.

Magamba na mifupa nazika shambani, mkono mzima kwenda chini, nanyunyiza majivu, nafukia, juu naweka jiwe ili mbwa wasifukue. Mwezi wa pili unapanda sukuma wiki hapo, majani yanakuwa kama masikio ya tembo.

Kama una nafasi, kuna njia ya nzi weusi wanaoitwa nzi askari. Mabuu wao wanakula mabaki ya samaki kwa kasi ya ajabu, halafu mabuu wenyewe unawakausha kuwa chakula cha kuku. ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, wameshughulika sana na utafiti wa wadudu hao kama chakula cha mifugo, na wafugaji wengi wa karibu na mji wamejifunza. Shombo lipo, siwadanganyi, lakini mabaki hayaozi, yanaliwa.

Sagana_Barafu

Swali kwa mwenye uzi. Sisi tunapanda juu zaidi, mito ya trauti upande wa Aberdare, tunalala siku mbili tatu. Huko hakuna Mama wa Gikomba wala ndoo ya Ruai. Barafu inayeyuka siku ya pili. Je, tukichimba shimo refu tukazika matumbo, si sawa? Ni udongo, yataoza, yatakuwa mbolea.

Mvuvi_SouthB

Kaka, shambani kwa ndugu wa Ruai kuna ua na jiwe juu. Msituni kuna fisi, mbweha na nguruwe, na pua zao zinafika chini kuliko jembe lako. Nimeona shimo la futi mbili likiwa wazi asubuhi. Ukizika utumbo karibu na hema umemwalika fisi kwenye hema, na safari ijayo atakuja hata kama hujazika kitu.

Ninavyofanya mimi safari ya kulala: siku ya kwanza na ya pili nakula ninachovua, mmoja au wawili, basi. Wengine narudisha majini wakiwa hai, mikono imelowa, ndoano isiyo na kipingo, kile kimwiba cha nyuma ya ncha, ili itoke bila kumchana. Trauti wa kwenda nao nyumbani namvua asubuhi ya kuondoka. Matumbo ya wale niliokula nayaweka kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko cha kukaza, nayanyunyizia chumvi nyingi, naifunga kwenye gari usiku. Chumvi inazuia kuoza vizuri sana. Na mfuko wa plastiki usiubebe. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kabisa ndani ya mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Ndoo inatosha.

Jambo jingine la muhimu, nalo nililisahau juu kule. Mabaki ya ziwa moja yasitupwe kwenye maji mengine. Wala chambo hai kisihamishwe. Mtu anavua Naivasha, anabakiwa na kamba wekundu hai kwenye kopo, Jumapili anawamwaga kwenye bwawa la shemeji Thika. Amepanda kitu ambacho hatakaa aking'oe.

Ndege_wa_Karura

Nashukuru sana kwa uzi huu. Mimi niko upande wa pili wa darubini, ni mmoja wa wale wa matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Huwa tunawalalamikia wavuvi wenyewe kwa wenyewe, hatuwaambii. Nimejifunza hapo.

Niongeze kuhusu chubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi. Chubwi za madini ya risasi mnazoacha ukingoni ndege wa majini huziokota wakidhani ni vijiwe. Ndege hana meno, anameza changarawe ili firigisi isage chakula, na firigisi inaisaga risasi hiyo hiyo mpaka sumu inaingia kwenye damu. Chubwi moja ndogo inatosha kumuua ndege mkubwa. Uingereza batamaji wao weupe walikufa kwa namna hiyo kiasi cha kwamba mwaka 1987 walipiga marufuku chubwi ndogo za risasi. Marekani nao mwaka 1991 walikataza marisasi ya madini hayo kwa wawindaji wa bata nchi nzima.

Huko Marekani mfumo wao wa hifadhi za wanyamapori ulianzia kwa ndege mla samaki. Mwaka 1903 rais Theodore Roosevelt alikitenga kisiwa kidogo cha Florida, Pelican Island, kwa ajili ya mwari, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, kwa sababu watu walikuwa wanawamaliza ndege wa eneo lile kwa biashara ya manyoya. Leo wana hifadhi zaidi ya 500, na nyingi kati yake zinaruhusu kuvua kwa ndoano. Dada yangu anaishi karibu na mojawapo. Anasema malalamiko yao ni haya haya ya kwenu: mtu ananasa kapi, anamdharau, anamwacha ukingoni. Kutupa taka ndani ya hifadhi hizo ni kosa kisheria, na samaki aliyekufa unayemwacha nyuma ni taka.

Kwa hapa kwetu, mkiona ndege ana mshipi, msiukate karibu na mdomo mkamwachia. Ndoano itabaki ndani bila mtu kuiona. Mfunike kichwa kwa taulo, mshike mabawa, mwite askari wa wanyamapori. Marabu ana mdomo mzito, mlinde macho yako.

Mvuvi_SouthB

Dada, asante. Nimeenda kufungua sanduku langu la vyombo baada ya kusoma ujumbe wako. Chubwi za risasi zilikuwa thelathini na kitu. Nimezitoa zote, nimeanza kutumia chuma na vijiwe vilivyotobolewa. Samaki bado wanakula.

Mvuvi_SouthB

Wadau, taarifa. Jana tulirudi palepale. Tulibeba koleo, glavu, ndoo nne na sumaku. Rundo lilikuwa limebaki mifupa na magamba. Tulizoa yote, na mshipi tuliouokota ukingoni peke yake ulijaza kopo la rangi la lita nne. Askari wa langoni alitusaidia kwa saa nzima bila kuombwa. Anasema yule marabu walimtafuta siku mbili, hawakumpata. Nasi hatukumwona.

Tulivua tilapia sita na kapi saba. Kila kapi alikatwa mashavu papo hapo, akaingia kwenye barafu. Saa mbili usiku tulikuwa Gikomba. Mama alitusubiri na kisu. Alichanja wa kwanza mbele yetu na kweli mlio unausikia, kama mtu anakanyaga majani makavu. Watoto wangu wamekula kapi leo mchana na hakuna aliyekwamwa. Matumbo yako Ruai.

Jumamosi ijayo gari lina nafasi mbili. Tunaondoka saa kumi na nusu, kituo cha mafuta cha karibu na mzunguko. Anayekuja aje na ndoo yenye kifuniko cha kukaza.